Namna ya Kuililia Manowari Usiyopata Kuipanda

Katika stesheni ya Kure, mkoani Hiroshima, treni inapokaribia jukwaa spika hupiga kipande cha wimbo wa mwendo wa kijeshi. Asiyeujua hudhani kuna mtu ameacha redio yake wazi. Siku nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi mgeni kutoka Tanga, nimevaa makoti mawili, sina wazo jingine ila baridi. Kando yangu alisimama bwana mmoja mwenye mvi. Wimbo ulipoanza aliweka chini mfuko wake wa vitunguu, akanyoosha mgongo, na midomo yake ikaanza kucheza bila kutoa sauti. Ulipokwisha aliona ninamtazama. Akasema neno moja: natsukashii.

Kamusi zinasema maana yake ni kukumbuka kwa hamu. Hazijakosea, ila zimepunguza. Mjapani halisemi neno hilo kwa sababu amekumbuka tu. Hulisema pale kitu alichokipenda zamani kinapomrudia ghafla, kikamgusa. Ndani yake mna furaha na mna majonzi, na hakuna kinachomfukuza mwenzake.

Bwana yule alikuwa na mgahawa mdogo wa kahawa karibu na stesheni. Katika miaka miwili niliyoishi huko nilikaa sana mbele ya kaunta yake, na hapo ndipo aliponifundisha, kidogo kidogo, kuupenda muziki wa Uchu Senkan Yamato, yaani Manowari ya Anga Yamato, katuni iliyomlea na yenye wimbo ule wa stesheni. Mwongozo huu ni mafunzo yake. Nauandika kwa ajili ya msomaji ambaye hakuzaliwa Japani, hakuwa na televisheni mwaka 1974, na bado anastahili kulia.

Mahitaji

Andaa saa moja na nusu isiyo na simu. Andaa spika mbili nzuri, kwa sababu tarumbeta zikibanwa ndani ya simu hulia kama nyuki waliofungiwa kibuyuni. Andaa leso. Mwisho, andaa jina la mtu mmoja aliyewahi kukusindikiza hadi stendi, bandarini au uwanja wa ndege. Usilitaje bado. Liweke tu karibu.

Hatua ya 1: Jua wanaoondoka wanaacha nini

Wimbo wa safari hauingii moyoni kwa mtu asiyejua abiria wanaacha nini nyuma yao. Basi sikia kisa.

Mwaka ni 2199. Dunia imepigwa kwa mabomu kutoka sayari ya Gamilas. Bahari zimekauka, ardhi imejaa mnururisho, na watu wamekimbilia miji iliyochimbwa chini ya ardhi. Mnururisho unazidi kupenya kuwafuata huko, na umebaki mwaka mmoja tu binadamu watoweke. Ndipo unapofika ujumbe wa malkia Starsha wa sayari ya Iscandar, iliyoko katika Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru 148,000. Anasema anacho chombo cha kuisafisha dunia, lakini sharti kifuatwe. Pamoja na ujumbe ametuma michoro ya injini ya kuwafikisha.

Watu wanaifunga injini hiyo ndani ya manowari iliyozama katika vita vya karne ya 20, na ambayo sasa imelala juu ya nchi kavu kwa sababu bahari yenyewe haipo tena. Nahodha wake, Juzo Okita, ni mgonjwa. Mabaharia wake wengi ni vijana. Wakichelewa, hawatamkuta wa kumrudia.

Kila kipindi kilifungwa kwa hesabu: dunia imebakiwa na siku kadhaa. Hesabu hiyo iweke kichwani tangu sasa. Watoto wa Japani walikwenda nayo kitandani, na wimbo wa kufungia kipindi ulianza wakati bado inawauma.

Hatua ya 2: Kaa kwenye nyumba yenye televisheni moja

Katuni hii ilianza kuonyeshwa tarehe 6 Oktoba 1974, siku ya Jumapili, saa 1:30 usiku. Mtayarishaji alikuwa Yoshinobu Nishizaki, na mchora katuni Leiji Matsumoto ndiye aliyeipa sura na hali tunayoijua. Saa hiyo hiyo, kwenye stesheni nyingine, kulikuwa na Heidi, kisa cha msichana wa milima ya Alps, kilichopendwa na nyumba nzima kuanzia bibi hadi mtoto wa kubebwa. Yamato ikashindwa. Watazamaji walikuwa wachache, na safari iliyopangiwa vipindi 39 ikakatwa ikawa vipindi 26. Tarehe 30 Machi 1975 ilikwisha, bila shangwe.

Hapa pana jambo ambalo mgeni hulipita bila kuliona. Wengi wa wanaoikumbuka Yamato kwa machozi hawakuitazama kwa raha. Waliipigania. Bwana wa kahawa alikuwa na umri wa miaka kumi, ana dada wawili, na kila Jumapili kura zilikuwa mbili kwa moja. Akawa anakimbilia kwa jirani. Jirani asipokuwepo, alibaki nyumbani na Heidi. Jirani akiwepo lakini ana wageni, mtoto yule aliegemeza sikio ukutani na kusikiliza. Kuna vipindi alivyovijua kwa sikio tu kwa miaka mitatu kabla ya kuona picha zake.

Kwa hiyo fanya zoezi hili. Tafuta kipindi chochote, kiwashe, kisha geuza kiti uipe skrini mgongo. Sikiliza hadi mwisho. Utagundua kwamba unajua lini chombo kinapaa, lini adui anatokea na lini mtu anaandika barua nyumbani. Muziki unakueleza wenyewe.

Hatua ya 3: Sikiliza wimbo wa ufunguzi mara tatu

Mara ya kwanza, sikiliza tarumbeta na tromboni peke yake. Mtunzi wa muziki ni Hiroshi Miyagawa, mzaliwa wa Rumoi katika kisiwa cha Hokkaido. Kabla ya kupanda manowari hii alikuwa fundi wa nyimbo za mapenzi na za burudani. Yeye ndiye aliyewatungia mapacha wa The Peanuts wimbo wa Koi no Bakansu mwaka 1963, wimbo mwepesi wa likizo ya mapenzi. Fundi huyo huyo akapewa dunia inayokufa. Akaandika wimbo wa mwendo, lakini akauweka katika maina, ile ngazi ya sauti ambayo wanakwaya wetu huitumia siku ya Ijumaa Kuu. Miguu inataka kutembea na koo linabana. Ukihisi mambo hayo mawili kwa pamoja, umeanza vizuri.

Mara ya pili, msikilize mwimbaji. Isao Sasaki alianza maisha ya jukwaani akiimba rokabili, akafananishwa na Elvis Presley. Mwaka 1973 aliimba wimbo wa katuni ya Casshan, na tangu hapo sauti yake ikawa mali ya watoto. Ni sauti nene, imesimama wima, haitetemeki mahali ambapo mwimbaji mwingine angetetemeka ili aonewe huruma. Nyuma yake kuna kwaya ya wanaume. Maneno yalitungwa na Yu Aku, mmoja wa watunzi wakubwa wa mashairi ya nyimbo nchini Japani. Alifanya jambo gumu, maana ndani ya ubeti mmoja anaaga na anaahidi kurudi. Wanaobaki wanapunga mikono, na wanaokwenda wanawajibu kwa tabasamu. Hakuna anayesema kwamba huenda wasirudi, na kwa sababu hakuna anayelisema, unalisikia.

Mara ya tatu, tafuta toleo la vipindi vya mwanzoni kabisa, ambalo halianzi kwa tarumbeta. Linaanza polepole, sauti za wanaume zikipanda taratibu kama watu wanaoimba msibani kabla jeneza halijanyanyuliwa, na baada ya hapo ndipo mwendo unapokuja. Bwana wa kahawa alinipigia toleo hilo usiku mmoja alipokwisha kufunga mgahawa. Hakuongea. Aliendelea kufuta kikombe kilichokwisha kukauka zamani.

Hatua ya 4: Usiondoke kabla ya skafu nyekundu

Watu wengi wakishaupata wimbo wa ufunguzi hudhani kazi imekwisha. Kaa chini. Kila kipindi kilifungwa kwa wimbo wa Makka na Sukafu, yaani skafu nyekundu, utunzi wa Miyagawa na Aku hao hao na sauti ni ya Sasaki huyo huyo. Mwendo umepungua. Mwanamke anapunga skafu nyekundu akiaga chombo, na kila mwanamume aliyemo anaamini moyoni kwamba anapungiwa yeye.

Ni wakati wa kulichukua lile jina uliloliweka karibu. Mimi langu ni la mama. Asubuhi nilipoondoka Tanga, alisimama stendi akipunga ncha ya kanga yake ya kisutu, na basi zima lilikuwa na vijana waliochungulia dirishani. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake chini pale, lakini nina hakika wenzangu kadhaa walirudisha salamu kwa mama yangu. Nilipoelezwa maana ya wimbo ule miezi minane baadaye, nikiwa Kure, nililazimika kutoka nje kidogo.

Usione haya ikikutokea. Pale mgahawani palikuwa na kiti kando ya mlango, na wateja wa zamani walijua ni cha kazi gani.

Hatua ya 5: Ifuate sauti isiyo na neno

Kuna kipande kinachopigwa picha inapoonyesha nyota tu, kabla mtu yeyote hajaonekana. Mwimbaji ni Kazuko Kawashima, na haimbi neno lolote. Ni irabu tu zinazopanda na kushuka juu ya fidla.

Kipande hiki kina mtego. Masikio yetu, sisi tuliolelewa na taarabu na kwaya, yamezoea kuyawinda maneno. Tunataka kujua nani kasemwa. Hapa hakuna aliyesemwa. Bwana wa kahawa alinikataza kuuliza sauti ile ni ya nani katika kisa, kama ni ya Starsha, ya dunia, au ya mama yeyote. Alisema alipokuwa mtoto alidhani ndiyo sauti ambayo giza hutoa pale ambapo hakuna mtu wa kuisikia, na hakutaka kubadilisha jibu lake. Kisikilize taa zikiwa zimezimwa. Baada ya dakika mbili utasahau kuwinda maneno, na hapo ndipo ukubwa wa umbali ule wa miaka ya nuru 148,000 unapoanza kuwa wa kweli.

Hatua ya 6: Elewa kwa nini ilibidi kuwe na santuri

Jiulize sasa: katuni iliyoshindwa na Heidi ilipataje kurithiwa na vizazi?

Ilirudishwa na wale wale watoto wachache. Vipindi vilirudiwa kwenye televisheni, mashabiki wakaunda vikundi vyao, na tarehe 6 Agosti 1977 filamu iliyounganishwa kutokana na vipindi hivyo ikafunguliwa. Vijana walipanga foleni usiku kucha nje ya kumbi za sinema. Majira ya baridi ya mwaka huo huo ikatoka santuri ya muziki wa Yamato uliopangwa upya na Miyagawa mwenyewe kwa okestra kubwa, ikiwa imefuma vipande vya televisheni kuwa mtungo mmoja mrefu. Inafunguliwa kwa sauti ya Kawashima.

Kumbuka hali ya wakati ule. Familia chache sana zilikuwa na mashine ya kurekodi video. Kipindi kikishapita, kimepita. Picha hazikuwa na namna ya kurudi nyumbani na mtoto, bali muziki ulikuwa nayo. Aliyetaka kuiona tena manowari ikipaa aliweka santuri, akafumba macho, akajichorea mwenyewe. Kwa hiyo watu wa umri ule hawakuutumia muziki kama kumbusho la katuni. Muziki ndio uliokuwa katuni yenyewe, na kila mmoja alikuwa na toleo lake nyuma ya kope zake. Ununuzi wa santuri ile uliwaonyesha wenye kampuni kwamba muziki wa katuni unaweza kusikilizwa peke yake kama muziki wowote mzito, na kazi nyingi za namna hiyo zimefuata njia hiyo tangu hapo.

Nakala ya bwana wa kahawa ilikuwa na mkwaruzo katika upande wa pili. Sindano iliruka mahali pale pale kila mara. Nilipokuja kusikia rekodi safi, nilikosa kitu: mkono wake ukigonga kaunta taratibu kujaza pengo la mruko. Ukipata santuri yenye mkwaruzo, usiibadilishe.

Na kama wewe msomaji uliikutia Marekani, ambako ilianza kuonyeshwa mwaka 1979 kwa jina la Star Blazers, manowari ikiitwa Argo na wimbo ukitiwa maneno ya Kiingereza, usiogope kwamba kumbukumbu yako ni ya mkopo. Majina yalibadilishwa, lakini sauti zile za Miyagawa zilivuka bahari.

Hatua ya 7: Simama mbele ya kinanda cha mabomba

Mwaka 1978 ikaja filamu ya pili, na adui mpya: dola lililojificha ndani ya kimondo cheupe kinachomeza sayari. Miyagawa alihitaji sauti ya kitu kisichobembelezeka. Akachagua kinanda kikubwa cha mabomba, kile cha makanisa, na mpigaji akawa mwanawe, Akira, kijana wa miaka 17 ambaye bado alikuwa shuleni.

Wahenga wetu walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Sijaona mahali ambapo methali hii imetimia sawasawa kuliko hapa, maana kinanda cha mabomba nacho huishi kwa pumzi ya mivukuto. Sikiliza kipande cha Kimondo Cheupe ukiwa umesimama. Sauti za juu zinakuja kwanza, zimejikunja, kisha uzito wa mabomba ya chini unaingia na sakafu inaitika. Halafu jikumbushe kwamba huyo ni mtoto, mbele ya kazi ya baba yake, akitafuta namna ya kuwa mkubwa kiasi cha kutosha.

Hatua ya 8: Usiipite manowari ya kweli

Hatua hii wengine huiruka ili wasiharibu raha. Ukiiruka, unachokikumbuka kitakuwa nusu.

Manowari Yamato ilikuwepo. Iliundwa Kure, katika gati ambalo ungeweza kutembea kwa miguu kutoka mgahawa ule, ikakamilika Desemba 1941. Tarehe 7 Aprili 1945, ikiwa njiani kuelekea Okinawa bila ndege za kuilinda, ilipigwa na ndege za Marekani ikazama. Walikufa humo zaidi ya mabaharia 2,000, wengi wao vijana. Katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mjini hapo mwaka 2005 kuna mfano wake uliopunguzwa mara kumi, na hata hivyo una urefu wa zaidi ya meta 26. Vioo vilivyo jirani vina barua. Nenda kwenye barua kwanza, kisha ndiyo ukautazame mfano.

Je, wimbo wa mwendo kuhusu jina hilo ni wimbo wa kutukuza vita? Nilimwuliza bwana wa kahawa, kwa adabu, baada ya mwaka mzima wa kuogopa. Hakukasirika. Alichukua muda, kisha akanielekeza kwenye kipindi cha 24. Humo Yamato inashinda, na miji ya Gamilas imelala vifusi. Kijana Susumu Kodai, aliyeondoka duniani akiwa na hasira ya kulipiza kisasi cha ndugu yake, anatazama alichokifanya, anatupa silaha yake na kulia. Anatambua kwamba kilichotakiwa kufanywa tangu mwanzo kilikuwa kupendana. Bwana wa kahawa alikuwa na baba mdogo ambaye hakurudi kutoka baharini. Aliniambia kwamba manowari ya kweli ilipewa safari ya kwenda tu, na katuni ikaipa safari ya kurudi. Mimi niliyakubali maneno hayo, na tangu siku hiyo nausikia wimbo kwa masikio mawili: moja la vijana wa hadithi waliorudi, moja la wale wa 1945 ambao hawakurudi. Ukiweza kusikia yote mawili, umehitimu hatua hii.

Hatua ya 9: Sikiliza mpaka uweze kuandika

Hiroshi Miyagawa alifariki Machi 2006. Miaka michache baadaye ikaamuliwa kuitengeneza upya safari ile ya kwanza, kwa jina la Yamato 2199, na muziki akakabidhiwa Akira, yule mvukuta mivukuto, sasa mtu mzima na mtunzi mwenye jina lake. Kwenda kutazama nota za baba, nyingi hazikuwepo. Karatasi zilizoandikiwa vipindi vya kila wiki zilikuwa zimepotea.

Akafanya kilichowezekana. Aliweka rekodi za zamani, akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, na kuandika kwa sikio: hapa tarumbeta, hapa fidla, hapa vinubi, nota kwa nota. Mtu anayeandika kwa sikio hawezi kudanganya. Lazima akae ndani ya kila sauti hadi ajue kwa nini ipo hapo ilipo. Fikiria mtoto aliyefiwa akiufuata mkono wa baba yake kwa mwendo huo, karatasi baada ya karatasi.

Kwangu mimi, huu ndio moyo wa mwongozo wote. Kukumbuka ni kazi ya kusikiliza kwa makini kiasi kwamba kilichopotea kinaweza kupigwa tena, na wengine wakakisikia. Ndiyo maana wimbo huu haukubaki sebuleni kwa wenye mvi. Wanafunzi huupiga kwa tarumbeta katika viwanja vya besiboli vya shule za sekondari kuwatia moyo wenzao. Bendi ya kikosi cha majini cha Japani huupiga kwenye maonyesho. Naoko Yamazaki, aliyeruka na chombo cha Discovery mwaka 2010, amesema kwamba katuni za anga alizotazama utotoni, Yamato ikiwemo, ndizo zilizomvuta kuipenda anga.

Wewe huna bendi, na si lazima ujue nota. Chagua kipande kimoja, kisikilize hadi uweze kukiimba chote kwa mluzi bila msaada, pamoja na mahali pa kupumua. Kisha mfundishe mtu mmoja.

Makosa ya kuepuka

Usianze na matoleo mapya kabla ya ya zamani. Mpe baba salamu kwanza, ndipo umsalimu mwana.

Usiupige wimbo wa ufunguzi kama mlio wa simu. Wimbo wa kuaga ukikatizwa kila saa na mwenye kudai kodi, huchoka.

Usimwambie mwenye mvi kwamba picha za 1974 zimechorwa vibaya. Anajua. Aliziona kupitia ukuta.

Usiharakishe kipindi cha 10. Humo mabaharia wanapewa nafasi ya mwisho ya kuzungumza na jamaa zao kabla chombo hakijatoka kwenye mipaka ya jua letu. Wawili hawana wa kuongea naye, Okita na Kodai, basi mzee na kijana wanakaa wakanywa pamoja. Muziki umeshuka chini sana. Uache ushuke.

Dalili kwamba umefaulu

Utazijua siku utakapofika kipindi cha mwisho. Yamato inarudi. Dunia inaonekana dirishani, nyekundu na iliyoungua, kama walivyoiacha. Okita, ambaye maradhi yamemmaliza, anaomba aachwe peke yake chumbani, mkononi akiwa na picha ya familia yake. Anaitazama sayari ile iliyoharibika na kusema kwamba kila kitu chake ni cha kukumbukwa kwa hamu. Neno analolitumia ni lile lile la jukwaani Kure. Kisha picha inamdondoka mkononi. Ukielewa ni kwa vipi mtu anaweza kusema natsukashii mbele ya ardhi iliyoungua, huhitaji tena mwongozo.

Mimi nililielewa kwa kuchelewa. Nilirudi nyumbani baada ya miaka miwili. Basi lilipopita Muheza, harufu ya machungwa ikaingia dirishani, na nikajikuta ninapiga mluzi bila kukusudia, mwendo wote, na mahali pa mkwaruzo ninagonga kiti kwa kidole. Stendi ya Tanga mama alikuwa pale pale, amepungua mwili, kanga imepauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyumbani. Unaimba nini hicho?"

"Wimbo wa meli, mama. Kutoka Japani."

Mama ni mtoto wa nahodha wa jahazi. Watu wa ukoo wake husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hawaisemi kama methali tu. Hakuniuliza meli kubwa kiasi gani, wala ilikwenda wapi. Alichukua mfuko mmoja, akanishika mkono, akauliza swali moja tu ambalo bwana wa kahawa angelipenda.

"Ilirudi?"

"Ilirudi, mama."